Mama, Mimi na Vyungu vya Wavuvi wa Kaskazini

Tangu turudi, hakuna aliyenikuta sokoni, msibani au kwenye foleni ya benki asiyeniuliza habari za Mama na Wachina. Nimesimulia mpaka midomo imekauka, na kila nikisimulia, Mama akiwa karibu ananisahihisha. Basi naandika mara moja, yeye akiwa shambani, msome wote kwa pamoja mniache nipumzike. Habari za viza na tiketi siwaambii. Aliyewahi kusimama kwenye foleni zile anazijua, na asiyewahi asizitamani.

Kwa wasiojua chanzo, mimi kazi yangu ni kuosha na kupanga vigae vya kale katika maabara ya chuo, Dar es Salaam. Mama yangu ni mfinyanzi wa Usangi, milimani Upare. Kwa miaka kadhaa, muda wa kujiibia, nimekuwa nikisoma juu ya vyungu vya zamani sana vya Ulaya ya kaskazini, kandokando ya bahari yao yenye barafu. Waliovitengeneza hawakuwa wakulima. Walikuwa wavuvi na wawindaji wa sili, na bado walifinyanga vyungu vizito vyenye kitako kilichochongoka, pamoja na vibakuli virefu vya taa vilivyowashwa kwa mafuta ya sili. Swali ni nani aliyewafundisha. Wapo wanaosema waliona vyungu vya wakulima wa kusini wakaiga. Wapo wanaosema ufinyanzi ulianzia kule Mashariki ya Mbali, China na jirani zake, ukapita Siberia mkono kwa mkono, kizazi kwa kizazi, mpaka ukafika kwao.

Mimi, kwa kiherehere changu, niliandika waraka nikadai kwamba chungu hakiigwi kwa macho. Kinahitaji mtu aje akae chini na mwenzake, na aghalabu mtu huyo ni mwanamke aliyeolewa mbali. Waraka ukamfikia Profesa Liang, mama mmoja wa chuo kikuu huko Guangzhou. Akanijibu nije na mama yangu afinyange mbele ya kikao chao, atakuwepo na Profesa Aksel kutoka kaskazini ambaye haamini maneno yangu. Chungu kitakaushwa, kitachomwa, kitavunjwa na kulinganishwa na vigae vyake. Tukiwaridhisha, ipo nafasi moja ya masomo, na nitakwenda kuvishika vyungu vile kwa mikono yangu. Nina miaka thelathini na minane. Nafasi kama hiyo haigongi mlango mara mbili.

Usangi mpaka Dar

Nilipofika nyumbani kumchukua, nilikuta sanduku lake limejaa udongo. Alikwenda shimoni alfajiri na wanawake wenzake wawili, wakauchimba, wakauponda, wakaufunga kwa majani ya mgomba. Nguo zake zilikuwa kwenye mfuko wa rambo. Nikamwambia udongo upo kila mahali duniani, hakuna haja ya kuubeba mpaka China.

Akasema, "Na wanaume wapo kila mahali duniani. Mbona hujaolewa?"

Nikalibeba sanduku. Njiani kuteremka Mwanga nilikumbuka kwamba nilipokuwa na miaka tisa nilikuwa nikijipenyeza pale anapofinyangia, na kila mara alinifukuza kwa fimbo ya kuchochea moto. "Kasome," alikuwa akisema. Nikasoma. Nikajifunza vyungu kwenye vitabu vya watu ambao hawajawahi kupika ndani yake.

Basi lilikata mkanda baada ya Korogwe, tukakaa kando ya mashamba ya mkonge kwa saa tatu. Jua lilikuwa kali, mistari ya mkonge ikaanza kucheza machoni mwangu, rangi yake ya kijivu ikageuka nyeupe, na katikati ya usingizi na macho nikamwona mwanamke anapita kwenye theluji na mtungi kichwani. Hakuwa na haraka. Nilipozinduka, Mama alikuwa ameshafanya urafiki na nusu ya abiria, anakula mahindi ya kuchoma ya mtu mwingine. Aliniuliza nilikuwa namwita nani. Nikamwambia simjui jina.

Angani

Tulibadilisha ndege katika nchi moja ya Kiarabu, na hapo ndipo sanduku lilipotuponza. Kwenye mashine ya kukagua mizigo lilionekana bonge jeusi lililofungwa majani. Wakaja askari watatu, wakalifungua, wakalinusa mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza aliuliza ni nini, nikamwambia udongo. Akauliza wa nini, nikamwambia wa chungu. Akauliza ndani ya chungu mna nini. Nikamjibu bado hamna kitu, hata chungu chenyewe hakipo. Jibu hilo halikumpendeza, na kwa haki ya Mungu hata mimi nilipolisikia nililiona la mtu mwenye kasoro.

Ndege ikatuacha. Tulikaa kwenye zulia mchana kutwa chini ya taa zisizojua mchana wala usiku. Mfanyakazi mmoja wa usafi, mama wa Kifilipino mwenye uso wa uchovu, alituona tumeegemeana, akaenda akarudi na mkate na dengu za kuchemsha. Mama akampa karanga zote alizonazo. Walikaa kitambo wakionyeshana picha za wajukuu. Mimi niliendelea kuangalia ubao wa safari na kuhesabu siku. Hatimaye askari walirudi na sanduku, wakatuambia twende, na yule wa kwanza akaniomba radhi kwa Kiingereza. Alikuwa ameandika katika fomu yake kwamba ni chakula cha asili.

Katika ndege ya pili sikulala wala sikuwa macho. Chini yetu kulikuwa na milima isiyokwisha, na ilikuwa myeupe kweli safari hii. Nikawaza jinsi ufundi unavyoweza kutembea nchi kama ile bila barabara wala jina, msichana mmoja anaolewa bonde la pili, binti yake bonde la tatu, na kila mmoja anadhani amekwenda mwisho wa dunia. Mama alilala na kiganja chake juu ya goti langu.

Sanyuanli

Guangzhou ilichukua udongo wetu dakika kumi baada ya kushuka. Ofisa mwenye glavu nyeupe alieleza kwa upole mkubwa kwamba udongo wa nje hauingii nchini, akautia katika mfuko wa njano, akainamisha kichwa kidogo, akaondoka nao. Mama aliketi juu ya sanduku tupu akaangalia ule mfuko ukiishia mlangoni. Nilitamani anigombeze.

Nje, hewa ilikuwa nzito na vuguvugu, majengo yanatokeza nusu kwenye ukungu na nusu hayapo, na juu ya kila moja winchi inazunguka polepole. Shaabani alikuwa anatungoja. Ni mfanyabiashara wa Kariakoo, jirani wa binamu yangu, anasafirisha jinzi na simu za laini mbili, amepanga Sanyuanli miaka minne sasa. Alimwamkia Mama shikamoo, akapokea sanduku, akashangaa wepesi wake. Nilipomweleza yaliyotukuta, alicheka.

"Mama, usitie shaka. Hapa kila kitu kipo. Ukiambiwa *meiyou*, yaani hakuna, jua laoban, mwenye duka, hajainuka kitini kukitafuta. Kesho naenda Xintang kucheki kontena, kule kuna mto. Penye mto pana udongo."

Zilibaki siku nne. Udongo ukishapondwa sharti ulale siku mbili kabla ya kufinyangwa. Kwa hiyo tulikuwa na siku mbili za kuutafuta, katika mji ambao hata maandishi ya choo siwezi kuyasoma.

Asubuhi iliyofuata Shaabani alituletea uji wa mchele, mweupe, mzito, una vipande vya samaki na tangawizi. Mama aliutazama kwa mashaka, akaonja, akamaliza, akaomba mwingine. Akasema watu wanaokunywa uji asubuhi hawawezi kuwa watu wabaya, na tangu saa hiyo hakuiogopa China tena.

Xintang

Safari ya Xintang ilichukua karibu asubuhi nzima, tumezungukwa na malori. Nilisinzia tena. Kila nikifumbua macho naona jinzi, zimepangwa barazani, zimetundikwa madirishani, zimerundikwa barabarani juu kuliko paa la gari. Shaabani aliingia karakana moja kubishana juu ya zipu. Sisi tukashuka nyuma ya majengo kwenye mfereji.

Maji yalikuwa ya buluu. Si buluu ya bahari, ni buluu ya suruali. Kingo zake nazo za buluu, na udongo niliouchota ulikuwa mlaini, unanata vizuri, una rangi ambayo sijaiona kwenye kitu kilichotoka ardhini. Nikamwambia Mama tuuchukue tu, rangi itaungua motoni. Aliusugua kati ya vidole, akaunusa, akaurudisha mferejini.

"Huu umeshavaa suruali," akasema. "Hauwezi tena kuwa chungu."

Tulirudi mikono mitupu. Mchana tulikula kwenye mgahawa wa Waislamu wa huko, wenye kofia nyeupe, wanaovuta tambi kwa mikono. Mwenye mgahawa aliposikia salamu ya Mama alileta supu mbili za ziada. Kisha tukapita kwa Profesa Liang, mama mfupi mwenye sauti ya chini, ambaye alisikitika sana na kutupatia udongo wa kiwandani katika mfuko wa plastiki, msafi, mweupe. Mama aliubonyeza kwa heshima, akanong'ona nimwambie ahsante lakini hauna mifupa. Nilitafsiri kwamba ni mzuri mno. Profesa Liang alitabasamu, akasema basi tutautumia huo. Ikawa ninayo aibu mpya juu ya ile ya zamani, nikalazimika kumweleza mifupa ni nini, yaani chenga zinazoushika udongo usipasuke motoni.

Kangle

Siku ya pili, ya mwisho, hatukwenda kutafuta udongo. Mimi nilikuwa nimekata tamaa na nimenuna. Mama alitaka vitambaa chakavu vya kufunikia kazi yake, na Shaabani akatuelekeza Kangle, kando ya masoko ya vitambaa, ambako vyerehani vinalia kutoka kila dirisha na vipande vya nguo vimelala vichochoroni mpaka kwenye vifundo vya miguu. Tulikusanya vya kututosha bila kuulizwa. Mlio wa vyerehani ulikuwa mmoja, mrefu, na ukitembea ndani yake unaanza kusahau ulikotoka.

Mwisho wa kichochoro kulikuwa na shimo la msingi wa jengo, na wanawake wanapandisha udongo kwa vikapu viwili vilivyoning'inia kwenye mti wa begani. Kabla sijamshika, Mama alishapiga magoti ukingoni na kuweka donge ulimini.

Msimamizi alipiga kelele kutoka ng'ambo. Lakini mwanamke mmoja wa makamo, taulo shingoni, alitua mzigo wake, akamtazama Mama akionja, akacheka. Akamnyang'anya lile donge, akaliweka kwenye ulimi wake mwenyewe, akatema. Akatikisa kichwa. Kisha akamshika Mama kiwiko, akamteremsha upande wa pili wa shimo, chini kabisa, kwenye mkanda wa udongo wa kijivu.

Mama akaonja. Akafumba macho.

Nilikuwa nimesimama juu na kamusi yangu ndogo, tayari kutafsiri, na hakuna aliyenihitaji. Kila mmoja alikuwa anasema lugha yake na anaitikia. Yule mwanamke alichukua kipande cha kigae cha paa, akakiponda kwa tofali mpaka kikawa chenga, akazimimina juu ya udongo, kabla Mama hajaashiria lolote. Kumbe kwao, popote palipo, kuna wafinyanzi. Walikanda pamoja, wamechuchumaa, magoti yao yanagusana. Mama alikuwa anamwita wifi. "Ongeza wifi. Hapo wifi. Umejaliwa, wifi." Na wifi aliongeza, na aliacha alipoambiwa aache.

Niliona wivu. Siwafichi. Miaka thelathini na minane ni mwanawe, na nilichowahi kuonyeshwa mimi ni fimbo ya kuchochea moto.

Chakula cha mchana yule mwanamke alikula nasi, wali na mboga chachu za chumvi zilizojaa pilipili, mpaka Mama akatoka machozi wakacheka wote wawili. Njiani, nimebeba udongo begani, nilimwuliza Mama walikuwa wanazungumza nini. Akasema hajui. Akasema alipoolewa Usangi akitokea Ugweno, kwenye lugha nyingine, mwaka wa kwanza na mamamkwe wake haukuwa tofauti sana.

Ukumbini

Kikao kilikuwa na watu kama arobaini. Profesa Aksel alikuwa mzee mrefu, mpole, mwenye shati la mikono mifupi, na alikuwa amekuja na vigae vyake ndani ya sanduku la sponji. Alinisalimia vizuri, akasema anatamani nimshinde kwa sababu amechoka kuwa sahihi. Sikujua kama anatania.

Mama alitandika vitambaa vya Kangle, akasokota kata ya kukalishia chungu kwa vingine, akaketi. Mimi nilisimama kando nikieleza kwa Kiingereza. Alisokota kamba za udongo, akazizungusha moja juu ya nyingine, akaziunga kwa dole gumba, akazilainisha kwa kipande cha kibuyu alichokificha kwenye rambo la nguo. Nje ya dirisha winchi ilikuwa inazunguka, na ndani kile chungu nacho kinazunguka juu ya kata yake, kinapanda, tumbo linajaa, shingo inaingia ndani. Nilisahau nilikokuwa. Maelezo yangu yalikwisha bila mimi kujua. Nilikuwa na miaka tisa, nimejificha nyuma ya mgomba, na hakuna aliyenifukuza.

Alipoukata mdomo wa chungu kwa jani lenye maji, nilisema kwa sauti, kwa Kiswahili, "Mama, kizuri mno." Nikapiga makofi. Ukumbi mzima ukapiga makofi nyuma yangu.

Mikono ya Mama ilisimama.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Kwetu chungu kibichi hakisifiwi. Kila mtoto wa nyumba ile anajua, hata wageni huambiwa mlangoni. Chungu ambacho hakijapita motoni ukikisifia umekitangulizia sifa ambayo hakijaistahili, na aliyekifinyanga hana ruhusa ya kukipeleka mbele. Wageni wale hawakuwa na kosa. Mimi ndiye niliyepaswa kuwaonya, na mimi ndiye niliyeanza.

Mama alinitazama. Kisha akaingiza ngumi ndani ya chungu, taratibu, akakikunja, akakikanda, mpaka likabaki donge.

Kuna mtu alipiga ukelele. Profesa Liang aliweka mkono kifuani. Nilieleza, na nikaona nyuso zao zikielewa bila kuridhika. Profesa Aksel alisema kwa upole kwamba ufundi wameuona na wanaushukuru, ila walihitaji chungu, kwa sababu ni chungu kinachochomwa na kuvunjwa, si kumbukumbu. Ukumbi tulikuwa nao kwa saa moja na nusu zaidi. Nikamwinamia Mama nikamsihi arudie. Nilimwambia miaka yangu yote iko pale.

"Udongo uliosifiwa mikononi mwangu, leo si wangu tena," akasema. "Kaa wewe."

"Mama, mimi sijui."

"Ndiyo. Kaa."

Nikakaa, na sketi yangu ya kikao. Alikuja akaketi nyuma yangu, kifua chake mgongoni mwangu, mikono yake ikapita pande zote mbili ikaishika ya kwangu. Samaki mkunje angali mbichi, na mimi nilikuwa nimeshakauka. Kamba zangu za udongo zilikuwa nene, zinapishana. Kila nilipobonyeza, dole gumba lake lilikuja kando ya langu likabonyeza tena, hapohapo, kwa nguvu anayoitaka. Kitako nilishindwa kukiviringa, niliogopa kitapasuka, nikakivuta chini mpaka kikachongoka. Nilimsubiri akirekebishe. Akakiacha. Nilikuwa nalia na sikuwa na mkono wa kujifuta.

Kilipokwisha kilikuwa chungu cha aibu, kinene, kimeinama, hakiwezi kusimama. Mama alikichomeka kwenye kata kikasimama. Hakuna aliyepiga makofi, somo lilikuwa limeingia.

Profesa Aksel aliinuka. Aliomba kwa ishara, Mama akakubali kwa kichwa, naye profesa akaingiza vidole vyake virefu ndani ya chungu akapapasa ukuta wake, macho yamefumbwa. Kisha akarudi kwenye sanduku lake akaleta kigae kimoja, kipana, kizito, akakigeuza upande wa ndani. Kulikuwa na vishimo viwiliviwili vya dole gumba, kimoja kipana, kimoja chembamba, vimefuatana kwa mstari mpaka mwisho wa kigae. Alisema siku zote aliamini ni kazi ya mtu mmoja mzembe, anayebonyeza mara mbili.

Alichukua dole gumba la Mama akaliweka kwenye kishimo kipana. Langu akaliweka kwenye chembamba. Udongo wa watu waliokufa zamani hivyo ulikuwa baridi na ulitutosha wote wawili.

Sitaki kuwadanganya kwamba alisalimu amri. Alisema kigae kile hakimwambii ni upande gani mwalimu alitoka, kusini au mashariki, na hilo bado hajui, na huenda asijue kabla hajafa. "Lakini hawakuiga kwa macho," akasema. "Mtu alikuja. Akakaa chini." Profesa Liang aliandika maneno hayo, akayapigia mstari.

Kuondoka

Asubuhi yake tulikunywa uji pamoja, na Profesa Liang akaniambia nafasi ni yangu. Nilimwomba kitu ambacho sikuwa nimekipanga, anipe kwanza mwaka mmoja nikae Usangi. Alimtazama Mama anayepuliza uji wake, akasema vigae vimesubiri muda mrefu kuliko huo.

Shaabani alikuja kutuchukua kwenda uwanja wa ndege. Tulipitia maabara kukiaga chungu, ambacho kingebaki kikauke polepole kabla ya moto. Kilikuwa kwenye rafu, juu ya kata yake ya vitambaa, kibaya vilevile. Profesa Liang alikuwa anakiandikia kadi, mahali, udongo, namna kilivyojengwa, akaniuliza aandike nani amekifinyanga. Nikamtajia jina la Mama. Ilikuwa haki. Nguvu zote zilikuwa zake.

Mama aliuliza tunaandika nini, nikamweleza.

"Mwambie afute," akasema. "Aandike jina lako, Mwanaidi. Na aandike ni cha kwanza."

Profesa Liang alifuta, akaandika, kisha kwa umakini wa kazi yake akauliza ni cha kwanza kati ya vingapi.

Nilimtafsiria Mama. Alikuwa ameshaanza kujitanda mtandio wake aondoke. Akasema, "Hilo utalijibu mwenyewe. Mimi nitakuwa nimeshazikwa."

Nusu ya kwanza nilimtafsiria Profesa. Ya pili ilinishinda, nikabaki nimeshika kadi, nalia mbele ya watu wote.